Kikohozi na Bubu

Mume wangu, Hudson Mwakio, hatulii. Ukimpa kigoda atakalia ukingo wake, chai ataimalizia mlangoni, na akiwa anakula mkono wake wa kushoto unashika hewa pale kando ya goti, unasukuma mbele, unarudisha nyuma. Wageni hudhani ana ugonjwa. Hana ugonjwa wowote. Anabadilisha gia za injini iliyouzwa mwaka wa 1955. Mimi nimechoka kuelezaeleza, kwa hiyo leo nitasema yote mara moja, na atakayeuliza tena, shauri yake.

Hudson ni mtu wa Mwanda, huko juu milimani ambako ukungu unalowesha nguo hata mchana. Aliteremka tambarare akiwa kijana, baba yake alipofariki, akaja kukata mkonge katika shamba la Mzungu mmoja nje kidogo ya Voi. Hakuja kwa kupenda joto. Alikuwa na mama yake, Mable, na mdogo wake Obadiah aliyekuwa bado anatambaa, na hakukuwa na mwingine wa kuwalisha. Obadiah alisoma kwa jasho la Hudson. Kaptula zake, karo yake, hata Biblia aliyopewa siku ya kipaimara, vyote vilitoka kwenye yale majani yenye miiba. Nalisema hilo mapema, mtu asije akaniambia baadaye kwamba namwonea shemeji yangu.

Shamba lilikuwa na reli yake ndogo, ya kuvutia matoroli ya majani ya mkonge mpaka kiwandani. Zamani watu waliyasukuma kwa mabega. Kisha ikaletwa injini ya petroli, na Hudson, ambaye kila mara alikuwa karibu na fundi akimshikia spana, akafundishwa kuiendesha. Wafanyakazi waliiita Kikohozi. Asubuhi ungeisikia kho, kho, khoo, na kambi nzima inajua kumekucha. Mimi nilipoolewa nilidhani nitakuwa mke wa peke yangu. Wapi! Nilimkuta Kikohozi ndiye mke mkubwa.

Tena mke wa gharama. Petroli ilikuja kwa mapipa kutoka mjini, na oili juu yake. Plagi zikishika masizi, Hudson anazichomoa na kuzisugua. Gasketi ikiungua, kazi inalala. Klachi ilibadilishwa, ikabadilishwa tena. Tangi lilipotoboka aliliziba kwa sabuni ya mche, sabuni yangu mimi ya kufulia, na ikashika mpaka fundi akafika. Jumamosi wenzake wakienda Voi kutembea, yeye yuko chini ya Kikohozi, unaona miguu tu. Lakini tusidanganyane, alikuwa na raha. Siku hizo alijua kukaa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1954, mvua za vuli zilipokwisha, ikaja injini ya pili. Hii haikuwa na tangi wala bomba la moshi. Ndani yake mlikuwa na betri tu, safu kwa safu, kila moja kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Jioni ilifungwa waya kwenye jenereta ya kiwanda ikachajiwa, asubuhi ikaondoka bila kusema neno. Watoto waliishangilia. Watu wazima waliiogopa, maana huisikii ikija, na wiki ya kwanza tu ilimgonga mbuzi wa mpishi. Wakaiita Bubu.

Meneja, Bwana Mkubwa, akawaita watu wote kiwandani akasema kwa Kiswahili chake kile: "Mwaka moja. Hii na hii, yote nafanya kazi. Ile nakula pesa kidogo, nabaki. Ile ingine nauza. Na dereva yake, kwaheri." Akawasha kiko chake akaenda zake. Kwaheri! Kama anaagana na wageni wa chai.

Halafu akamchagua dereva wa Bubu. Unadhani alimchagua nani? Obadiah. Alikuwa amemaliza shule, anasoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye vibati vya mashine, na alikuwa amekuja kambini juzijuzi tu, analala kwetu, anakula kwangu. Basi ndivyo ilivyokuwa: ndugu wawili, sufuria moja ya ugali, na mwaka ukiisha mmoja wao lazima amwage unga.

Hudson aliposikia alisema, "Ni vizuri. Kazi imebaki nyumbani." Alisema hivyo akainuka, akakaa, akainuka tena, akatoka nje kuangalia mbingu ambayo haikuwa na kitu.

Tangu siku hiyo sikumwona ametulia. Bubu hakudai kitu. Hakutaka petroli, hakutaka oili, hakuwa na plagi wala klachi ya kuungua. Obadiah alirudi jioni na shati jeupe, akanawa mikono kwa adabu tu. Kitu kimoja alichotaka Bubu ni maji ya kujazia betri, na si maji haya yetu. Yalikuja kwa gari moshi kutoka Mombasa, katika chupa kubwa za kioo zilizovikwa vikapu. Usicheke. Maji ya visima vya huku unayajua? Chai inakuwa na chumvi hata kabla hujaitia kitu, na sabuni haitoi povu. Ndiyo sababu mimi nilikuwa na pipa langu chini ya bati, la maji ya mvua, nililolifunika na kulilinda, la kufulia nguo za kanisani na kumwogeshea binti yetu Priscilla.

Hudson akawa mtu wa kusikiliza. Alikuwa akimzima Kikohozi njia panda ya reli, anasimama katikati ya mkonge, shingo ameinyoosha, anatafuta mlio wa injini isiyo na mlio. Nyumbani ni hivyo hivyo. "Amepita?" "Nani?" "Bubu." "Nitajuaje, baba Priscilla? Si ndiyo maana ni bubu?" Anaondoka kwenda kuchungulia.

Nikamwambia, "Una hasira na ndugu yako."

"Sina."

"Unayo."

"Nimesema sina!" Akaipiga meza, uji ukamwagika wote.

Hapo nikaogopa. Kwa sisi Wadawida, Wataita wa milimani, hasira ya mkubwa si mchezo. Mkubwa akikukasirikia na akanyamaza, mambo yako yanaanza kwenda mrama: ng'ombe anakauka maziwa, mtoto anashikwa na homa isiyo na jina. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anajaza kinywa maji, au maji ya miwa, anayatema kwa nguvu mbele ya watu wake, na anasema kilichokuwa moyoni na kwamba sasa kimetoka. Wahubiri hawaipendi habari hii, lakini hata sisi wa kanisani tukibanwa tunaijua njia. Na ina sharti moja: hutemi kama haijatoka. Ukitema na huku umebakiza, umemdanganya kila mtu, na mambo yanaharibika zaidi ya mwanzo.

Basi kiangazi kilipokaza, Bubu akaanza kuchoka. Anasimama katikati ya njia na matoroli yamejaa, watu wanateremka kusukuma huku wakimtukana. Mara nyingi ni Kikohozi aliyekwenda kumvuta, akikohoa kwa majivuno. Sasa mtu angesema Hudson afurahi, maana mashindano anayashinda yeye. Hakufurahi. Alikonda. Alikuwa akitoka kumvuta Bubu, anaketi na sahani mbele yake, anaisogeza upande huu, anaisogeza upande ule, mwisho anampa kuku.

Siku moja kisimani jirani yangu Syokau, Mkamba mmoja asiyejua kuficha neno, akaniuliza, "Mama Priscilla, ni kweli mumeo amelifunga lile gari?"

"Amelifunga na nini?"

"Na hasira. Obadiah mwenyewe ndiye anasema. Ati kaka yake amemkasirikia, ndiyo maana betri hazishiki moto."

Loo! Ndoo niliiacha pale pale. Nilimkuta Obadiah nyumbani, anakula. Nikamwambia, "Shemeji, chakula changu kitamu?" Akasema ni kitamu. "Basi kimeze vizuri, kisije kikakukwama kooni kwa hayo unayoyasema kambini." Akainamisha kichwa. Nilidhani ni aibu ya kawaida.

Maneno yakapanda mlima mpaka Mwanda. Mama mkwe wangu akateremka, na kibuyu cha maji ya miwa mkononi, kwenye lori la mboga, yeye ambaye joto la tambarare humvimbisha miguu. Jumamosi mchana akatuketisha uani: Hudson huku, Obadiah kule, mimi na mtoto kando.

Hudson akakataa kutema. "Mama, nikitema Bwana Mkubwa atasikia. Itasemwa nimekiri kuharibu mali yake. Nitafungwa."

Mama Mable akamwambia, "Sikuulizi habari ya gari, mwanangu. Nakuuliza habari ya ndugu yako."

Hudson akasimama. Akazunguka ua ule kama anatafuta mlango, akarudi, akakichukua kibuyu. Sijawahi kumwona mtu akishika kitu chepesi kwa uzito namna ile. Akasema, "Nilitaka lile gari life. Kila liliposimama moyo wangu ulifurahi, kisha nikajichukia. Huyu nimemlea mimi, na nimemwonea kijicho kama mtu baki. Sikuligusa gari lake, lakini labda nimelifunga kweli, labda ni mimi, sijui. Iwe imetoka. Mungu, naomba iwe imetoka." Akajaza kinywa, akatema, maji yakaruka mpaka kwenye vumbi la njia. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Sasa mtazame Obadiah. Anachimba vumbi kwa kidole cha mguu. Mama akamwambia, "Na wewe? Huna kitu?"

"Si yeye," Obadiah akasema. "Kaka, si wewe. Nilivunja chupa ya maji ya betri. Nikaogopa nitafukuzwa, nikajazia maji ya kisima. Halafu nikaendelea kujazia hayo hayo, ili isijulikane kuna chupa imepungua. Watu walipouliza, nikasema ni wewe."

Mungu wangu! Miezi yote hii mume wangu hali, halali, anajiona mchawi wa ndugu yake, kumbe ni chumvi ya kisimani! Niliinuka na mwiko, na kama mama hangenikamata leso, ningempasua. Lakini Hudson alifanya nini? Alicheka. Akakaa kwenye kigoda, akakaa kabisa, akanyoosha miguu. "Kumbe si mimi," alisema. "Mama, umesikia? Si mimi." Alilirudia neno hilo mpaka jua likateremka, kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amepona.

Kesho yake Jumapili hakuja kanisani, wala Obadiah. Niliwaombea udhuru kwa mwalimu wa dini nikidhani wamelala. Kurudi, nakuta pipa langu liko kifudifudi, kavu. Walikuwa wamemwaga zile betri zote, wakazisuuza kwa maji yangu ya mvua, wakatia asidi mpya iliyokuwa stoo na kujazia maji yangu hayo hayo. Jumatatu Bubu akaondoka na matoroli yake kimya, na nguvu zake zote. Mimi nikafua nguo za kanisani kwa maji ya chumvi, na sikusema kitu, kwa sababu kila nilipofungua kinywa Hudson alikuwa anapiga mbinja.

Mvua za vuli zikaja, zikaisha, na siku ya hukumu ikafika. Asubuhi ile nilimwambia, "Baba Priscilla, ukiulizwa, sema yote. Mwaka huu Bubu amesimamisha kazi, na mwenye makosa anajulikana. Huyo kijana hana mke wala mtoto. Ana shule. Atapata kazi kwingine. Wewe utakwenda wapi na Kikohozi chako?" Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona akiitikia.

Nilikuwapo kiwandani, nimempelekea chakula. Bwana Mkubwa aliwasimamisha wote wawili mbele ya injini zao. Akasema hesabu za mwaka zimekaribiana, huku petroli na vipuri, kule kazi iliyolala Bubu aliposimama, na kwa hiyo anataka kusikia kwa mtu wa reli. Akamwelekezea Hudson kiko. "Wewe mzee ya kazi. Sema. Gani nakula pesa mingi?"

Hudson akaushika ubavu wa Kikohozi. "Bwana, huyu anataka petroli, oili, plagi, gasketi na klachi, na anataka mtu wa kumhangaikia kila Jumamosi. Yule anataka maji safi tu."

"Na ile kusimama-simama?"

Hudson akamtazama ndugu yake. Obadiah akatazama viatu vyake. Nilingoja. Nilikuwa nimeshika bakuli la maharagwe, likaniunguza vidole, nikaendelea kulishika. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kwa yule kijana, neno lile lile alilolisema uani kwa mama yake: ni mimi.

"Ilikuwa kitu kidogo, Bwana," Hudson akasema. "Imetoka."

Na Obadiah akanyamaza. Alinyamaza wakati Bwana Mkubwa anaandika, alinyamaza wakati anampa Hudson mkono wa kwaheri, alinyamaza mpaka nyumbani. Bubu ni yeye, si lile gari.

Kikohozi akauzwa kwa mtu wa kuvunja mawe karibu na Salaita, akapandishwa kwenye behewa la treni ya Taveta kama ng'ombe wa mnada. Hudson akaenda kuchimba mtaro wa bomba la maji ya chemchemi ya Mzima, yale maji matamu yanayotupita sisi yakienda Mombasa. Mtaro ukamvunja mgongo. Siku hizi tuko chumba kimoja Voi, anapakua mizigo stesheni mgongo ukimruhusu, na mimi nauza maandazi. Priscilla aliacha shule. Na wakati mwingine mzee huyu anapanda treni ya Taveta mpaka Salaita, mtu mzima, ati anakwenda kumsikiliza Kikohozi kama bado anakohoa. Alirudi mara ya mwisho akasema wamemwacha nje, ameshika kutu, mti umeota kati ya magurudumu. Tangu siku hiyo mkono wake umezidi kubadilisha gia.

Nimemuuliza mara ngapi kwa nini hakusema. Jibu lake ni lile lile: "Nilikwisha tema, Jedidah. Ningesema, ingekuwa nimerudi kuyalamba." Basi. Hapo amemaliza, anatoka nje kuzunguka.

Sasa Jumamosi iliyopita nani anapiga hodi? Obadiah, na mama Mable amemshika mkono, kibuyu kile kile kwapani. Obadiah ni msimamizi wa reli yote sasa, ana viatu vya kung'aa na nyumba ya mawe. Lakini uso ulikuwa umemshuka. Bubu anachoka tena. Safari hii maji ni safi, ya Mombasa, amehakikisha mwenyewe, na bado betri hazishiki. Bwana Mkubwa ameuliza bei ya betri mpya akakuta ni karibu bei ya injini nzima, na anasema afadhali arudi kwenye petroli na dereva mwingine.

"Shemeji," Obadiah akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa kaptula, "kaka alitoa yake. Nafikiri ni wewe. Una kitu moyoni."

"Betri zimezeeka, Obadiah. Kitu kikitumika kinazeeka. Hata mgongo wa kaka yako umezeeka, na sikuja kwako na kibuyu."

"Nakuomba."

Mama mkwe akasogea mbele. Alininyooshea tu kibuyu, na mkono wake ulikuwa umekwisha, mifupa mitupu, na kwa ajili ya mkono ule nikakipokea. Nikajaza kinywa. Wote wakanitazama. Nilimwona Obadiah amefumba macho kama anayeombewa. Nilimwona Hudson mlangoni, nusu ndani, nusu nje, mkono wake kando ya goti, mbele, nyuma, mbele. Nilijaribu, nawaapia. Niliitafuta hasira yangu niitoe, nikaikuta, imekaa mahali pake, haina haraka ya kwenda popote. Na sharti nalijua.

Nikameza.

"Shemeji," Obadiah akasema, "umemeza?"

"Nimemeza. Siku nikiweza kutema nitakuita mwenyewe." Nikamrudishia mama kibuyu chake, nikapangusa mdomo, nikavuta kigoda. "Sasa kaa ule. Maharagwe yako tayari."